Barua kwa mwanangu: Babamkubwa wako fundi

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Bukoba hatujambo, ila uchovu wa msiba. Babamkubwa wako tumemzika kibanjani kwake, kwaya ya usharika ikaimba mpaka ikakauka sauti. Usijilaumu kwa kutofika. Kazi ya watu haina ruhusa kila siku.

Uliniuliza kwenye simu ilikuwaje mimi na Mlutheri tena mlokole tukawa ndugu kiasi kile. Wewe ulimkuta mzee wa kanisa anayepiga randa barazani. Miaka ya nyuma hukuwapo.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa hapa hapa Kagera, mwaka 1983. Watu wakauita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiingia kutoka Uganda. Serikali ilipoanza kugawa bure dawa za kufubaza virusi ilikuwa 2004. Piga hesabu mwenyewe hapo katikati tulizika wangapi. Ilifika mahali hata siku za matanga zikapunguzwa, maana kila wiki kuna msiba na shamba halilimwi.

Watu waliogopa hata kikombe cha mgonjwa. Babamkubwa wako akifunga karakana jioni, anachukua kidumu cha maji, kipande cha sabuni na mkasi, anaingia nyumba ambayo majirani wanaipita mbali. Mgonjwa akiwa mkubwa kwake, kwanza shikamoo. Kisha anamwinua, anamwosha mgongo taratibu, anamkata kucha. Kucha hakuziacha kamwe. Alisema ngozi inawasha mno, mtu akijikuna usingizini anaamka na vidonda.

Majeneza alitoza bei ya mbao na misumari tu. La mtoto hakutoza kitu. Mkewe alilalamika, na mimi nasema alikuwa na haki, kwa sababu watoto wao walirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada huku baba yao akichonga majeneza ya watu bure. Wanaomsifu leo wamsifu na yule mama.

Alikuwa na ya kuchosha pia. Ulokole wake ulimfanya atubu hadharani mambo ambayo mtu mwingine angeyanyamazia. Siku moja alisimama mbele ya watu akakiri kwamba alimpunja mteja ubao mmoja wa kitanda. Mteja mwenyewe alikuwa hajui, na kesho yake akaja kudai ubao wake! Tulicheka sana.

Lakini mimi hakuniambia hata siku moja niache dini yangu. Mbuzi wake wa Krismasi nilimchinja mimi, kila mwaka, ili Waislamu wa mtaa nao wale bila wasiwasi. Ramadhani ikiandama, mkungu wa ndizi unafika kwetu kabla sijanunua tende. Hatukuwahi kukaa kujadili jambo hilo.

Sasa nisikilize. Mpigie mamamkubwa wako, lakini baada ya saa mbili usiku, mchana nyumba imejaa watu na hawezi kuongea. Rambirambi usiitume yote sasa; unga na sukari vimerundikana mpaka mlangoni. Kitakachombana ni Januari, mjukuu anaingia sekondari na aliyekuwa akimnunulia sare na madaftari ndiye huyo tumemzika. Weka ya wakati huo, na mimi nitaongezea.

Wasalaam,
Baba yako