Kabla ya kumwongezea mtoto mazoezi, tafuteni kinachomzuia

Barua ya wazi kwa wazazi na walezi wa watoto wenye mtindio wa ubongo

Wanangu,

Salamu nyingi, na poleni kwa kazi ya kubeba, kulisha na kubembeleza isiyojua sikukuu. Mtoto asipotaka kucheza wala kutembea, mnaambiwa ni mvivu, au kwamba ubongo ndio umekataa. Mara nyingi sivyo. Ubongo uliumia, ni kweli, lakini jeraha lile haliongezeki. Yanayobadilika kila mwezi ni maumivu, uchovu, viatu, kiti, njia na watu wanaomzunguka. Hayo ndiyo yanayoamua atajongea kiasi gani, na mengi mnayaweza.

Anzeni na maumivu. Mtoto asiyesema hawezi kukuambia nyonga inamuuma. Atalia ukimpanua miguu kumbadilisha nguo, atakakamaa zaidi usiku, au atakataa kulalia upande mmoja. Kwa takriban mtoto mmoja kati ya watatu wenye hali hii, nyonga huanza kuhama mahali pake, na asiyetembea ndiye aliye hatarini zaidi. Ukiona paja moja limekuwa fupi kuliko jingine, au miguu inazidi kugoma kupanuka, omba picha ya eksirei ya nyonga. Usimvute kwa nguvu. Kagueni na meno, na choo: mwenye tumbo lililofunga siku nne hawezi kufurahia mazoezi yoyote.

Halafu uchovu, ambao watu wazima hawauoni. Mtoto huyu akitembea anaweza kutumia nguvu mara mbili hadi tatu ya zile anazotumia mwenzake kwa umbali uleule. Akienda shule kwa miguu, anafika nguvu zimekwisha, na saa ya michezo inamkuta kakaa chini ya mti. Msukumeni kwenye kiti cha magurudumu asubuhi ili miguu ibaki na nguvu ya kucheza. Najua mnaogopa atasahau kutembea. Kiti cha safari hakimnyang'anyi mtoto miguu yake, mradi apate muda wa kuitumia kila siku. Uji wake utiwe karanga zilizosagwa au mafuta kidogo, maana wengi wao wamekonda kuliko mnavyodhani. Kama anatumia dawa ya kifafa inayomletea usingizi, tafuteni saa anayochangamka, na mazoezi yawe saa hiyo. Dawa msiikatize, mwelezeni daktari.

Wapo wanaosema kumwongezea nguvu mtoto aliyekakamaa kunazidisha kukakamaa. Si kweli. Misuli yake imekaza na wakati huohuo ni dhaifu. Kwa anayeweza kusimama akishikilia, zoezi bora halihitaji mashine: kuinuka kutoka kwenye kigoda. Kigoda kiwe cha kimo ambacho magoti yanapinda kama kona ya meza, nyayo zote chini, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke, kisha akae polepole bila kujibwaga. Mara 8 hadi 12, apumzike dakika moja au mbili, arudie raundi mbili au tatu, siku tatu kwa wiki, kwa kuruka siku. Akishindwa, kigoda kiwe kirefu zaidi. Ikiwa rahisi, avae begi lenye mchanga kidogo. Makosa ni mawili: visigino vinainuka, au mama anamvuta mikono. Ukimvuta, umeinuka wewe.

Asiyeweza kusimama mwenyewe asimamishwe kwenye fremu, yaani kifaa cha kumshikilia akiwa wima, miguu imepanuliwa kiasi, kuanzia dakika 10 na kuongeza taratibu hadi 45 au 60. Mbeleko nayo inasaidia kwa mtoto mdogo, kwa kuwa inampanua mapaja mgongoni. Lakini asishinde humo kutwa.

Vifaa huharibika kimyakimya. Splinti ya mguu, yaani kifaa kigumu kinachoushikilia mguu mahali pake, ukiivua, alama nyekundu iwe imetoweka ndani ya nusu saa. Isipotoweka, irudisheni kwa fundi, msimvalishe tena kwa kuzionea uchungu pesa zilizotumika. Mpira wa chini ya gongo ukilainika, mtoto huteleza kwenye saruji iliyolowa, na akianguka mara moja atagoma wiki nzima. Magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani. Kwa vijiji vya pwani tafuteni kiti chenye gurudumu kubwa la mbele. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 180. Ukiufupisha, atahitaji kusukumwa daima.

Sasa nyinyi wenyewe. Kumvalisha kunachukua dakika 3, akijivalisha 15, nanyi mna haraka. Chagueni jambo moja tu kwa siku ambalo mtamsubiri: soksi, au kutambaa hadi mkekani. Na kina baba, watoto hucheza zaidi pale ambapo baba naye anashuka chini kucheza nao. Majirani watatazama, watoeni watoto nje hivyohivyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, wenye ulemavu pia. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni ni mwanzo halali kabisa.

Na wekeni mchezo. Boccia, mchezo wa kurusha mipira ikaribie mmoja wa shabaha, ulianza kuchezwa Paralimpiki, michezo ya dunia ya wenye ulemavu, mwaka 1984, nao huchezwa mtu amekaa: mipira 6 myekundu, 6 ya buluu, na mmoja mweupe wa shabaha. Shoneni soksi zenye maharage, kila moja karibu gramu 275, mchoree mstari ardhini. Aliyeshindwa kurusha apewe bomba la plastiki lililokatwa katikati kama mfereji, mpira uteremke humo. Katika mashindano, anayemshikia mfereji huupa uwanja mgongo, haruhusiwi kutazama mpira unakokwenda, na mtoto ndiye humwambia ausogeze kushoto au kulia. Chezeni kwa kanuni hiyohiyo nyumbani.

Wasalaam,
Mzee wenu