Barua kwa binamu aliyeacha kunitania

Mwangaluka, binamu.

Jina lako silitaji, maana ukoo mzima utasoma na shangazi ataanza kupiga simu. Mwenyewe utajijua. Naandika kwa simu, kidole gumba kimoja, na mjukuu yuko pembeni anafuta herufi zilizojirudia. Nikitaka kuandika "habari" inatoka "habbbari". Tulijaribu niseme na simu iandike yenyewe, ikashindikana. Huu ugonjwa wa Parkinson unaonitetemesha mkono umeifanya na sauti yangu kuwa ndogo mno, simu inadhani chumbani hakuna mtu.

Ni miezi saba tangu kile kikao cha harusi Igoma. Ulisimama na soda mkononi ukasema, "Jamani, huyu mzee ameacha biashara ya dagaa lakini mkono umegoma kustaafu, bado unachekecha." Watu wakacheka. Ukaanza kueleza habari za chekeche lenyewe, na hapo hapo machozi yakanitoka. Nililia kwa kwikwi, mwanamume wa miaka sitini na mbili, mbele ya wakwe watarajiwa. Ukumbi ukawa kimya. Wewe ukakaa.

Tangu siku hiyo hujanitania tena. Unanitumia hela ya dawa kila mwezi, Mungu akubariki, naihitaji, na chini yake unaandika, "Pole sana kaka, Mungu akutie nguvu." Kaka! Tangu lini mimi ni kaka yako? Tangu darasa la kwanza unaniita Ngedere.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana nadhani umebeba mzigo usio wako. Utani wako ulikuwa mzuri. Ndani nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Kicheko kilianza safari kama kicheko, kikafika usoni kimekuwa kilio. Daktari alinieleza kwamba wapo wagonjwa wa Parkinson ambao breki za kichwani zinazoshika kicheko na kilio hulegea, basi kitu kidogo kinafungulia bomba zima. Machozi yanaweza kutoka bila huzuni yoyote nyuma yake. Yanakuja, yanapita, dakika mbili tatu, kama mvua ya ziwani.

Na uso haukunisaidia. Ungeona hata tabasamu dogo ungejua kwamba niko pamoja nawe, lakini uso wangu siku hizi umekakamaa kama jiwe la Bismarck pale ziwani Mwanza, ndege wanaweza kutua. Hilo nalo ni la ugonjwa: misuli ya uso inakuwa mizito, mtu anafurahi na hakuna anayejua. Mke wangu alininunia wiki nzima kwa sababu aliniletea shati jipya nikamtazama kama namdai. Kumbe nilikuwa nimefurahi sana.

Halafu siku ile kulikuwa na jambo jingine usilolijua. Kidonge changu cha saa nane kilichelewa. Kikao kiliburuzwa, unawajua wazee wetu, mahari inaanza kuhesabiwa kutoka enzi za babu. Chakula kikaja kwanza. Nikala nyama ya mbuzi, nikala na sato, ndipo nikakumbuka kidonge nikakimeza juu ya shibe. Kidonge hiki kina levodopa, ambayo ubongo unaigeuza kuwa dopamini, ile kemikali ya kuendesha mwili inayoniishia. Protini ya nyama na samaki inapita mlango ule ule na levodopa. Ni kama kivuko cha Kamanga: nyama ikishajaza, kidonge kinabaki gatini kinasubiri zamu. Ndiyo maana napaswa kukimeza nusu saa hivi kabla ya kula. Mimi niliyekula samaki mara mbili kwa siku tangu niache ziwa la mama, leo naangalia saa kabla ya kugusa sato.

Dawa ikikatika, mwili unakaza, lakini unaotangulia ni moyo. Inaingia hofu isiyo na mwenyewe. Naogopa kama mtu anayesubiri simu ya msiba, na nikiulizwa naogopa nini sina jibu. Ulisimama kunitania katikati ya hali hiyo. Ungesimama saa moja baadaye, pengine ningekujibu, na unajua ningekujibu nini kuhusu mguu wako na ile baiskeli.

Watu wanadhani ugonjwa huu ni kutetemeka tu. Hata yule daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika habari zake mwaka 1817, alikuwa na wagonjwa sita tu, wengine aliwaona barabarani, na akaandika kwamba hisi na akili haziguswi. Hapo mzee aliteleza. Kwangu mkono ulikuja mwisho. Kwanza ilikuwa pua. Unakumbuka yale magunia ya dagaa waliopigwa mvua, niliyoyanunua soko la Mwaloni nikawapelekea wateja wa Kongo, wakanirudishia kwa matusi? Mkaniambia tamaa imenipofusha. Sikuwa nasikia harufu, binamu. Mfanyabiashara wa dagaa Kirumba, hasikii harufu ya dagaa! Niliona aibu kumwambia mtu. Baadaye nikaanza kupigana usingizini, mke akahamia kitanda cha wageni. Baadaye mwandiko kwenye daftari la madeni ukawa mdogo kama mchwa. Mkono ulianza kutetemeka wakati mambo ndani yameshaharibika siku nyingi. Wanasema dalili hii inapojitokeza, zaidi ya nusu ya seli zinazotengeneza dopamini katika sehemu inayohusika ya ubongo zimeshakufa.

Nitapita haraka kwenye miaka minne ya kuambiwa ni presha, ni uzee, ni mtu wa Mwaloni kaniroga. Mbuzi wawili walikwenda huko. Wala si mimi peke yangu. Kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na wengi waliokutwa na ugonjwa huu walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wanao.

Lakini nisikudanganye kwamba machozi yote ni ya bomba bovu. Mengine ni ya kweli. Masika iliyopita nilikaa ndani wiki sita. Sikutaka kuoga, sikutaka redio, sikujali hata Simba yangu ikifungwa. Nilidhani ni majonzi ya mtu anayejua anaumwa. Daktari akasema hapana, huzuni ya namna ile ni sehemu ya ugonjwa kama ulivyo mkono, maana kemikali zinazopungua kichwani zinagusa na furaha, na nayo ina dawa yake. Nikapewa, na baada ya muda nikaanza kuuliza matokeo ya mpira. Yanga wamekosa bahati, nimepona.

Kilichobaki ni kwamba ngozi ya moyo imekuwa nyembamba. Mwaka 1996, MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei, tulisimama ufukweni mimi na wewe siku zile zote. Ulilia wewe. Mimi sikutoa chozi, nilibeba tu. Nilijisifia jambo hilo miaka mingi, Mungu anisamehe. Leo nalia kwa matangazo ya vifo redioni, watu wa Magu na Geita nisiowajua. Nalia mjukuu akisoma shairi la shule. Juzi nimelia kwa tangazo la magodoro. Wakati mwingine nadhani yale ya mwaka ule yalikuwa yamewekwa tu, sasa yanatoka kwa mafungu.

Mwaka huo huo, miezi miwili baadaye, Muhammad Ali aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, mkono unamtetemeka, uso umetulia tuli. Alikuwa ameambiwa ana Parkinson tangu mwaka 1984. Huyu ndiye aliyekuwa mtani mkubwa kuliko wote ulingoni, anampiga mtu kwa mdomo kabla ya ngumi. Sauti ikamshuka, uso ukaganda. Nikiitazama picha ile najiuliza ni mizaha mingapi ilikuwa mle ndani imekosa mlango wa kutokea.

Mjukuu ananiambia barua imekuwa ndefu. Hili moja siliachi. Unakumbuka ulivyonipaka upupu shingoni darasa la nne, nikakimbia mpaka ziwani na nguo? Sasa sikia: mbegu za upupu zina levodopa. Ndiyo, dawa ile ile ninayomeza. Usiniletee, kipimo chake hakieleweki na daktari amenikataza kujichanganyia. Nilicheka peke yangu kitandani, kicheko cha kweli safari hii. Miaka hamsini na zaidi umeniwahi na tiba, ila uliiweka mahali pasipo pake.

Njoo Jumapili. Kidonge nameza saa mbili kamili, chai nakunywa saa mbili na nusu, na kuanzia saa tatu mpaka saa tano ninakuwa mtu. Tutakaa pale nje chini ya mwembe, tuone ziwa kati ya mawe. Nikianza kulia usininyamazishe, na wala usiseme pole. Kunywa chai yako, subiri ipite, halafu endelea ulipoishia. Ulikuwa umefika kwenye chekeche. Miezi saba nasubiri nijue chekeche lilifanya nini.

Wako,
Ngedere