Wanawake wa Kilatino na hatari ya Ukimwi

Mhariri,

Wanawake wengi wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wanaoishi na VVU nchini Marekani waliambukizwa kwa kujamiiana na wanaume. Kuwaambia tu "tumieni kondomu" ni kuwaonea. Mke anayemtegemea mumewe kwa kodi ya nyumba, pengine hata kwa makaratasi ya uhamiaji, akitaja kondomu hushukiwa yeye umalaya! Wakubwa wa afya nao walichelewa: ni mwaka 1993 ndipo saratani ya shingo ya kizazi ilipoingizwa katika vigezo vya kumtambua mwenye VVU kuwa amefikia Ukimwi. Dawa kinga ya PrEP iliidhinishwa 2012, na mwanamke anaweza kuimeza bila kumwomba mume ruhusa. Kliniki zimweleze hayo kwa Kihispania, bila kumdai vibali, na waume waitwe wapimwe.

Msomaji wenu,
Houston