Safari ya besiboli: Chicago na Milwaukee

Wadau, habari za jioni. Ijumaa tunaondoka Indianapolis saa 1 kamili asubuhi kwa barabara ya I-65. Chicago wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mechi ya Cubs, timu ya Chicago, ya saa 7:20 mchana ni kwa saa za kule. Wrigley Field ni uwanja wao wa tangu 1914: ukuta umefunikwa majani yanayotambaa, na kwenye ubao wa matokeo namba bado hubadilishwa kwa mkono. Naomba tuingie mapema tuuone vizuri. Mabegi ya mgongoni yabaki garini.

Jumamosi ni Milwaukee, kama saa moja na nusu kwa gari. Uwanja wao una paa linalofungwa, mvua isimtishe mtu. Kule watu huchoma nyama kwenye maegesho kabla ya mechi, nasi tutawasha jiko letu! Mbuzi nitamkoleza mwenyewe kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, atasafiri kwenye boksi la barafu. Shemeji kaahidi kachumbari.

Wageni wa besiboli kaeni karibu nami, nitawaeleza mpira kwa mpira. Tiketi nimeshakata, ambao hamjatuma hela ya mafuta, tumeni leo tafadhali.