Kabla hujakimbilia kutoa jino lililozibwa zamani

Mhariri habari za kazi, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaba tangu wiki iliyopita.

Kuna klipu inazunguka WhatsApp, huku kwetu Tandika imefika mpaka kwenye grupu la vikoba, jamaa anasema kama una jino limezibwa na ile dawa nyeusinyeusi kama bati basi unatembea na sumu mdomoni, nenda ikatolewe leo leo. Shemeji yangu ana mimba ya miezi mitano na ana jego moja limezibwa hivyo tangu yuko sekondari, halijawahi kumuuma hata siku moja, basi usiku ule hakulala. Asubuhi kapanda daladala mpaka kiklinik fulani, wakamwambia kaa kwenye kiti tutoe tuweke nyeupe, hakuna aliyeuliza habari ya mimba. Kilichomwokoa ni hela kutokutosha.

Mi sio daktari ila nimezibwa meno manne na kila mara namsumbua daktari maswali mpaka anachoka. Hiyo klipu ina ukweli nusu. Ile nyeusi ni amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, hii hii wachimbaji wadogo wa Geita wanayokamatia dhahabu, inachanganywa na unga wa fedha, bati na shaba inakuwa ngumu. Ukitafuna unatoka mvuke wa zebaki, kidogo sana lakini unatoka. Sasa unatoka mwingi lini? Pale mashine inapoichimba! Yani unakimbia sumu kwa kuivuta nyingi kwa mkupuo, ndo maana wataalamu wanasema kama jino liko salama liacheni, na mama mjamzito ndo kabisa asubiri ajifungue.

Kuweka mpya ni habari nyingine. Nchi yetu imo kwenye Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, na mwaka 2022 kule Bali, Indonesia, nchi zilizomo zilikubaliana amalgamu isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, mpaka daktari aone hakuna namna. Mwaka 2025 zikaenda mbali zaidi, matumizi yake yakome kabisa ifikapo 2034. Na sababu kubwa sio mdomo wako tu, ni ile inayooshwa kwenye sinki ikaenda kwenye maji halafu tukaenda Feri kununua samaki.

Kinachoniudhi ni kwamba ile nyeupe hakuna anayeiongelea. Inakuja laini kama ugali wa mtoto, ni kama plastiki, inagandishwa kwa taa ya bluu, na haigandi yote hata ufanyeje, kemikali iliyobaki inatoka na mate na nyingi inatoka siku ya kwanza. Ni kidogo, haitakuua, ila fundi akibandika donge zima kwa mkupuo na taa yake imechoka ndo inabaki mbichi huko chini. Mimi jino la tatu nilifanyiwa hivyohivyo, siku mbili nasikia uchungu mdomoni kama nimelamba betri. La nne daktari mwingine aliweka tabaka jembamba, akamulika, tabaka lingine, akamulika, mwisho akasugua juu na kuniambia sukutua uteme. Sikusikia kitu.

Na kuna ile simenti nyeupe inayotoa floraidi, hiyo inavyotoka inalisaidia jino, kwa hiyo jamani sio kila kinachotoka ni sumu. Tena ile njia ya kukwangua uozo kwa mkono tu bila mashine wala umeme halafu unaziba na simenti ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980 katikati, leo inatumika dunia nzima, wangapi tunajua? Mi mwenyewe nimejua juzijuzi.

Ombi langu kwa wenye kliniki ni dogo, mkituziba andikeni kwenye kadi mmeweka nini na tarehe, kama chanjo ya mtoto inavyoandikwa. Shemeji hajui hata lile jego liliwekwa mwaka gani, na kadi yangu mimi imeandikwa "kuziba" basi, mara nne.

Mkazi wa Tandika, Dar es Salaam