Mchuzi wa kuku wa Kinigeria hauna tui

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nirekebishe maelezo ya mchuzi wa kuku wa Kinigeria yaliyochapishwa hivi karibuni kwenye ukurasa wa mapishi wa gazeti lako. Msomaji aliagizwa akaange kitunguu, atie nyanya na pilipili zilizosagwa, kisha baada ya dakika kumi aongeze tui la nazi na kuku mbichi. Sina ugomvi na tui, maana sisi wa Pwani tumelelewa nalo. Lakini hapo amepikwa kuku wa nazi mwenye pilipili, si mchuzi ambao Wayoruba wa kusini magharibi mwa Nigeria huuita obe ata.

Msingi wa mchuzi huo ni nyanya, pilipili hoho nyekundu, kitunguu, na pilipili kali ya jamii ya hii yetu ya mbuzi. Vyote husagwa pamoja, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji, na maji hayo yasipokaushwa mchuzi hubaki mchachu na mwepesi hata ukitiwa viungo vya kila aina. Ndiyo maana wapishi wengi wa huko huuchemsha kwanza mchanganyiko huo peke yake, bila kuufunika, hadi uwe mzito, ndipo huumimina katika mafuta yaliyokwisha kukaangiwa vitunguu, wakaendelea kuukaanga kwa moto wa wastani huku wakikoroga usishike chini, mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Alama ya kuiva ni hayo mafuta, wala si dakika kumi. Anayeyaona ni mengi atayachota mwishoni. Akiyabania mwanzoni, nyanya haitakaangika, itatokota tu.

Kuku naye haingii humo akiwa mbichi. Huchemshwa kwanza kwa kitunguu, chumvi, bizari ya unga na majani makavu ya thaimu, kisha hukaangwa au kuchomwa kidogo, na supu yake huwekwa kando ili ilegeze mchuzi badala ya maji matupu. Wanigeria wengi hupendelea kuku mgumu kwa kazi hii, na ni haki yao: broila wetu wa wiki chache, akichemshwa, akakaangwa, kisha akarudishwa jikoni mara ya tatu, huachana na mifupa yake. Kuku wa mayai aliyechoka kutaga anafaa zaidi, na wauzaji wa kuku wa Shekilango, hapa Dar es Salaam, watakuchagulia ukiwaeleza unachotaka kupika.

Huenda mwandishi wenu alifupisha maelezo kwa kuhurumia gesi ya wasomaji, jambo ninalolielewa. Hata hivyo, nafuu ipo katika kupika msingi mwingi kwa mara moja, kuugawa, na kuuhifadhi kwenye friji, ili siku ya wali mweupe au viazi vikuu vya kuchemsha ibaki kazi ya kuku tu.

Naomba maelezo hayo yachapishwe upya bila tui, na hatua ya kukaanga ielezwe kwa ukamilifu. Kama mwandishi anaona tui lazima libaki, basi abadilishe jina la chakula.

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam