Yaya, Kidiaba alifungwa matatu

Yaya, kaka yangu, tangu nikukemee uwanjani kwa kumpigia kelele mwanao, umemwambia mama kwamba nimesoma sana, sasa nataka kukufundisha kulea. Simu zangu hupokei, basi nakujibu hapa.

Nilichosoma ni hiki. Smith na Smoll, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, walikaa viwanjani wakihesabu maneno ambayo makocha huwaambia watoto. Kisha wakafundisha baadhi ya makocha: sifu bidii, mtoto akikosea, mtie moyo kwanza, halafu mwonyeshe la kufanya. Katika utafiti wao wa 1992, msimu uliofuata watoto walioacha mchezo kwa makocha hao walikuwa 5% tu. Kwa wengine, 26%. Na usiniambie ukali ndio huleta ushindi: timu hizo hazikupitana kwa kushinda.

Lakini wewe, pale uwanjani Katuba! Mpira ulimponyoka mwanao golini ukaingia, nawe ukapaza sauti mbele ya wenzake: "Bure kabisa! Toka humo!" Tangu hapo kila mpira ulipokuja alikutazama wewe kwanza. La pili liliingia akiwa bado anatafuta uso wako. Kipa wa miaka 11, Yaya, macho yote kwa baba!

Unasema nilikuaibisha kwa kukukemea mbele ya rafiki zako. Ningengoja tufike nyumbani? Wewe ulingoja? Mimi ni shangazi yake, nina haki ya kusema, na ningesema tena.

Sijasahau uliyonitendea. Baba alipokuwa halipwi, minervali yangu, ile ada ya shule, ililipwa nawe, na nilipofeli hesabu hukunipigia kelele. Ulikaa nami na daftari mpaka mshumaa ukaisha. Sasa ule uvumilivu ulinipa mimi wote, kijana wako akakosa?

Hata Kidiaba, kipa wa TP Mazembe yetu ya Lubumbashi, ulimvumilia. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, Inter ya Italia waliifunga Mazembe 3-0, na wewe ukasimama katikati ya sebule kumtetea: amefika fainali ya dunia, nani mwingine Afrika amefika? Mabao matatu, na bado alikuwa kipa wako. Mwanao, kwa bao moja tu ukamwita bure.

Ameanza kuja kwangu siku za mazoezi. Nauli nampa mimi. Ukitaka kumtazama, njoo, hakuna atakayekufukuza. Ila ukae kule nyuma ya goli la wapinzani.